Wakili Asiye Wako: Maneno ya Mahakama kati ya Pwani ya Afrika Mashariki na Doha

Mzungumzaji wa Kiswahili anayefikishwa mahakamani mjini Doha hasikii lugha ngeni kabisa. Mahakama huko huitwa "mahkama", hukumu ni "hukm", shahidi ni "shahid", na dai ni "daawa". Mtu aliyetoka Mombasa, Unguja au Dar es Salaam anaweza kuketi mbele ya jaji asielewe sentensi hata moja, lakini akaokota neno hapa na neno pale na kuona kama yuko jirani na kwao. Ujirani huo ni wa kweli, kwa kuwa una historia ya karne nyingi. Hata hivyo, majirani wakikaa mbali kwa muda mrefu hubadilika, na maneno nayo ni vivyo hivyo.

Chukua neno "wakili". Kwa Kiswahili cha leo, wakili ni mwanasheria anayesimama upande wa mteja wake. Qatar, anayemtetea mtu mahakamani huitwa "muhami", neno lenye shina moja na kitenzi chetu "kuhami". "Wakil niyaba", kwa upande wake, ni ofisa wa idara ya mashtaka ya umma, yule anayemhoji mtuhumiwa na kuamua kama kesi iendelee. Mtuhumiwa anayeambiwa kuwa "wakil" amefika anaweza kufurahi, akadhani msaada umekuja, akafungua moyo na kueleza yote. Maana ya asili ya neno hili katika Kiarabu ni mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine, na wote wawili hutenda kwa niaba ya mwingine: wa kwetu kwa niaba ya mteja, na huyu kwa niaba ya dola.

"Kadhi" nalo lina mtego wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 170, inazitambua mahakama za kadhi kwa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa humo. Kwa Mkenya, basi, kadhi ni wa mambo ya nyumbani. Doha, "qadhi" ni jaji yeyote: wa wizi, wa mikataba, wa ajali ya barabarani. Neno "gharama" ndilo linaloumiza zaidi mfuko. Katika Kiswahili gharama ni fedha zinazotumika kwa jambo fulani. Katika Kiarabu cha mahakama "gharama" ni adhabu ya kulipa fedha, yaani kile ambacho Kiswahili kilikiazima kutoka Kiingereza na kukiita faini.

Ili kuelewa jinsi maneno haya yalivyoachana, inafaa kurudi Zanzibar ya karne ya 19. Chini ya masultani wa nasaba ya Busaidi, mashauri yalisikilizwa na makadhi wa madhehebu ya Shafii na ya Ibadhi. Juu yao alikuwepo sultani mwenyewe, aliyekaa barazani kupokea salamu na malalamiko ya watu. Mila ya kale ya fiqhi haikujenga ngazi za mahakama zinazopandiana kama tunavyozijua leo. Aliyeona amedhulumiwa alilipeleka jambo lake kwa mtawala. Hapo maana ya neno "rufaa" inaonekana vizuri, kwani shina lake linahusishwa na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuinua. Rufaa ilikuwa shauri lililoinuliwa kutoka mkekani kwa kadhi hadi barazani kwa sultani.

Waingereza walikuja na ngazi nyingine. Kwa amri ya mwaka 1866, mahakama ya konseli wao mjini Zanzibar iliwahukumu raia wa Uingereza na watu waliokuwa chini ya himaya yake, wakiwemo wafanyabiashara wengi wa Kihindi, na rufaa zake zilivuka bahari hadi Mahakama Kuu ya Bombay. Mwaka 1902 iliundwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na juu yake likawepo Baraza la Mfalme mjini London. Ndipo Kiswahili kilipoanza kuwa na matabaka mawili ya msamiati wa sheria. Tabaka la chini lilibaki na Kiarabu: hakimu, shahidi, hukumu, jinai. Juu yake yakaja maneno ya Kiingereza: kesi, jaji, faini, rumande, korti. Mgawanyo huo ulifuata madaraka. Kadhi akabaki na ndoa na mirathi, hakimu akapewa mahakama za ngazi ya chini, na jaji akakaa juu na wigi lake.

Baada ya uhuru kazi ya kuyapanga maneno hayo iliangukia vyuo na wizara. Mwaka 1968 chuo kikuu cha Dar es Salaam kilitoa orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili iliyotayarishwa na A. B. Weston. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama ya rufaa ya pamoja nayo ilikufa, na kila nchi ikajenga yake. Tanzania ilianzisha Mahakama ya Rufani mwaka 1979. Kenya ikawa na Mahakama ya Rufaa. Hata neno lenyewe likagawanyika mpakani, huku "rufani" na kule "rufaa", ingawa pande zote mbili bado "hukata", kwa kitenzi kilekile cha kukata shauri na kukata tamaa.

Upande wa Ghuba, Qatar ilipita njia inayofanana kwa sehemu. Kwa mkataba wa mwaka 1916, Sheikh Abdullah bin Jassim Al Thani aliiweka nchi chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo Uingereza ikawa na mamlaka ya kuwahukumu wageni hadi uhuru wa mwaka 1971. Baada ya hapo nchi iliendesha mahakama za sharia na mahakama za kiserikali zilizoitwa "adliya", kila moja na mambo yake, hadi Sheria Na. 10 ya mwaka 2003 ilipoziunganisha. Mwaka 2005 ikaongezwa mahakama ya juu kabisa. Lakini tofauti na Afrika Mashariki, hakuna tabaka la Kiingereza lililokaa juu ya msamiati wa mahakama hizo. Zilijengwa kwa mfano wa mataifa mengine ya Kiarabu, na istilahi zao ni za Kiarabu kutoka msingi hadi paa.

Kwa hiyo mtu anayetaka kukata rufaa Doha hatalisikia neno "rufaa" kwa maana hiyo. Ngazi ya pili huitwa "istinaf", yaani kuanza upya. Ngazi ya tatu ni "tamyiz", yaani kupambanua, na shina lake ndilo lililotupatia kitenzi "kumaizi". Majina haya yanaeleza kazi zenyewe. Mahakama ya istinaf hulitazama shauri upya, ukweli wake na sheria yake. Mahakama ya tamyiz hupambanua kama sheria ilitumika sawasawa. Afrika Mashariki ililiita jambo hili kwa mwendo wake wa kwenda juu, na Ghuba ikaliita kwa kazi inayofanywa shauri likishafika.

Maneno haya yasingekuwa na uzito mkubwa kama wazungumzaji wa Kiswahili wasingekuwepo Doha. Wapo, na hawakuanza kufika jana. Waafrika waliotekwa na kuuzwa kupitia pwani yetu walifanya kazi katika uzamiaji lulu na majumbani mwa Ghuba, na Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952. Nyumba ya Bin Jelmood katika mtaa wa Msheireb, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2015, inaisimulia historia hiyo waziwazi. Leo walinzi, madereva na wafanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania huenda kwa mikataba. Hao wana haki ya kushtaki, ila haki hiyo hupita katika mlango wa lugha. Lugha ya mahakama ni Kiarabu, na asiyeijua husikilizwa kupitia mkalimani.

Sheria Na. 13 ya mwaka 2017 iliunda kamati za kusuluhisha migogoro ya kazi, zilizoanza kazi mwaka 2018. Kamati hutakiwa kuamua ndani ya wiki tatu, na asiyeridhika ana siku 15 kulipeleka shauri kwenye istinaf. Muda huo huitwa "miad". Kwa Kiswahili, miadi ni ahadi ya kukutana, na mtu akichelewa kwenye miadi huomba radhi akapokelewa. "Miad" ya mahakama ikipita, mlango hufungwa na uamuzi hubaki kama ulivyo. Kwao nako hakuna mahakama inayosubiri tu, kwani katika kesi ya jinai Kenya huhesabu siku 14. Tofauti ni kwamba Nairobi mtu anaweza kumuuliza karani wa mahakama kwa Kiswahili siku ya 13.

Mwaka 2021 ulileta mfano uliojulikana duniani. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Doha na aliyeandika mtandaoni kwa jina la Noah kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji, alikamatwa mwezi Mei. Tarehe 14 Julai alipewa "amri ya jinai" chini ya sheria ya makosa ya mtandao, ikimtia hatiani kwa kuchapisha habari za uongo na kumtaka alipe riyali 25,000. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kuwa hakuwahi kufikishwa mbele ya mahakama kujibu. Mwezi Agosti aliondoka nchini humo. Kima cha chini cha mshahara wa msingi kilichoanza mwezi Machi mwaka huohuo kilikuwa riyali 1,000 kwa mwezi, kwa hiyo "gharama" hiyo ilikuwa sawa na mshahara wa miezi 25.

Msomaji wa Kiswahili angedhani "amri ya jinai" ni agizo la kumshtaki mtu. Katika utaratibu wa Kiarabu, amri hiyo ni hukumu kamili inayotolewa kwa karatasi bila kikao, na huwa ya mwisho isipopingwa kwa wakati. Kila neno ndani ya jina lake linajulikana kwetu. Utaratibu wenyewe haujulikani.

Doha hiyohiyo ina mahakama nyingine, iliyotokana na kituo cha fedha kilichoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2005. Huendeshwa kwa Kiingereza, na rais wake wa kwanza alikuwa Lord Woolf, aliyewahi kuwa jaji mkuu wa Uingereza na Wales. Mwekezaji, basi, alijengewa mahakama inayosema lugha yake. Nako nyumbani, mwezi Februari 2021, Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, baada ya karibu miaka 60 ya uhuru ambamo mkulima aliyefika mahakama za juu alihukumiwa kwa Kiingereza katika nchi yake mwenyewe. Lugha ya mahakama, huku na kule, imekuwa ikimfuata mwenye uwezo kwanza.

Mawakala wa ajira wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam huwapa wasafiri mafunzo kabla ya safari, yakiwemo ya kupiga pasi na kutumia mashine ya kufulia. Ukurasa mmoja ungetosha kuongeza maneno machache: "muhami" ndiye anayekutetea, "wakil niyaba" ndiye anayekushtaki, "gharama" ni faini, "istinaf" ni rufaa, na "miad" haiombewi radhi.