Akalati wa Iringa na nduguye wa Rubeho

Zaidi ya miaka 20 imepita tangu akalati wa Rubeho, ndege mdogo wa msituni, atambuliwe rasmi. Ukitaja Mgololo, wilayani Mufindi, leo, watu hukumbuka kiwanda cha karatasi na misindano ya Sao Hill. Lakini ndege wa misitu ya asili ya Mufindi, nduguye huyo wa Rubeho, hana msemaji.

Huyo ni akalati wa Iringa. Grant na Mackworth-Praed, wanasayansi wa Uingereza, walimtangaza mwaka 1941 kwa sampuli iliyotoka Njombe, wakamwita Alethe lowei. Jina la Iringa limemganda, ingawa tangu 2012 Njombe si sehemu ya Iringa tena, bali ni mkoa unaojitegemea. Wana-Njombe wakimdai ndege wao, sioni wa kuwanyima.

Kwa wanasayansi, ugomvi ulikuwa wa ukoo wake. Vitabu vya zamani vilimweka katika Turdidae, familia ya mkesha. Leo yumo katika Muscicapidae, kundi la wanasa-wadudu. Jenasi nayo ikabadilika, na sasa anaitwa Sheppardia lowei. Ndege mwenyewe hakubadilika hata unyoya: mgongo wa kahawia yenye uzaituni, kifua cha manjano iliyofifia, na tabia ya kujificha kwenye kivuli karibu na ardhi.

Mwaka 2004 jarida la The Auk la Marekani likatoa habari nzito. Pamela Beresford, Jon Fjeldså na Mtanzania Jacob Kiure walieleza kwamba ndege wa milima ya Rubeho na Ukaguru ni spishi ya peke yake, Sheppardia aurantiithorax. Kifua chake kina rangi ya chungwa inayong'aa kuliko ya nduguye wa kusini. Ni ndege wawili wanaofanana, lakini kila mmoja amebaki na milima yake: huyu kaskazini, yule Udzungwa, Mufindi na Njombe. Ndege wa vichakani hathubutu kirahisi kuvuka mabonde makavu, na hapo ndipo ukoo unapogawanyika. Ninajivunia kuona jina la Kiure katika ugunduzi huo, ingawa sijawahi kulisikia likitajwa darasani.

Baada ya hapo habari zimekuwa chache. Chai na misindano vimeizunguka misitu ya asili, ambayo sasa imebaki vipande. Msitu wa kupandwa haumfai akalati hata ukiwa wa kijani namna gani. Halmashauri ya Mufindi na wenye mashamba wavilinde vipande vilivyobaki, na shule za Mgololo ziwafundishe watoto kumtambua ndege huyu.