Kurasa Nzito, Mega Chache

Musienene iko kusini mwa Butembo, juu kwenye milima ya Lubero, Kivu ya Kaskazini. Hospitali yake kuu huhudumia eneo zima la afya lenye jina hilohilo. Februari 2021, Ebola ilipozuka tena upande wa Butembo, eneo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoguswa. Mwongozo wa maneno 2,000 kuhusu ugonjwa wa aina hiyo, ukiwa maandishi matupu, una uzito wa kilobaiti 15 hivi. Aliyenunua mega tano za data angeweza kuufungua mara mia tatu. Lakini mwongozo uleule ukiwekwa kwenye tovuti ya kawaida ya siku hizi, unaweza kumfikia msomaji ukiwa ndani ya ukurasa wa mega mbili, na mega zake tano zinaisha kabla hajaufungua mara ya tatu. Uzito huo uliongezwa na watu, kidogokidogo, kwa nia njema.

Kurasa za kwanza za wavuti, alizotengeneza Tim Berners-Lee kwenye maabara ya CERN karibu na Geneva mwaka 1990 na 1991, zilikuwa maneno na viungo tu. Oktoba 1994 Håkon Wium Lie alipendekeza CSS, lugha ya kuelezea rangi, herufi na mpangilio wa ukurasa. Mei 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliandika JavaScript kwa siku kumi, ili ukurasa uweze kumjibu msomaji anapobonyeza. Vyote viwili vilikuwa vyepesi, na hadi leo vinaweza kuwa vyepesi.

Unene uliletwa na maktaba za msimbo. Mwaka 2006 John Resig alitoa jQuery, ikawarahisishia kazi watengenezaji wengi. Nao wakazoea kuingiza maktaba nzima ili watumie vipande viwili au vitatu. WordPress, iliyoanza 2003, iliwapa hata wasiojua kuandika msimbo uwezo wa kufungua tovuti na kuipachika programu-jalizi. Nyingi kati ya programu-jalizi hizo hupakia skripti zake za JavaScript na mitindo yake ya CSS kwenye kila ukurasa: za fomu ya mawasiliano hupakiwa hata pasipo na fomu. Toleo 4.2 la WordPress, Aprili 2015, liliongeza skripti ya vikaragosi (emoji) ambayo hupakiwa hata kwenye ukurasa usio na kikaragosi hata kimoja. Ni kama chukudu, kigari cha mbao cha kubebea mizigo, linalopandishwa mlimani na magunia ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Hasara haiishii kwenye mega. Kivinjari kikikuta faili ya mitindo mwanzoni mwa ukurasa, hakichori kitu mpaka faili hiyo ifike. Kikikuta skripti ya kawaida, husimama kuipakua, kuisoma na kuitekeleza, ndipo kiendelee. Msomaji huku anatazama kioo cheupe. Palipotegemewa dishi la setilaiti, kila ombi lilipanda kilomita 36,000 na kushuka, na jibu vivyo hivyo: karibu nusu sekunde ya safari tupu, kabla ya kazi yoyote. Julai 2009 mkonga wa SEACOM uliwashwa, ukiunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia kupitia chini ya bahari. Lakini kutoka Mombasa hadi Musienene ni zaidi ya kilomita 1,000 za nchi kavu, na mkonga haukuzivuka siku ile.

Miaka miwili kabla ya mkonga huo, Steve Souders, aliyekuwa Yahoo, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba asilimia 80 hadi 90 ya muda wa kusubiri hupotea upande wa kivinjari, si kwenye seva. Hoja ilikuwa wazi, ila kurasa ziliendelea kunenepa.

Mwaka uleule wa SEACOM, mhandisi wa YouTube, Chris Zacharias, alimsikia mwenzake akilalamika kwamba ukurasa wa kutazamia video umefika mega 1.2. Akaazimia kuushusha chini ya kilobaiti 100. Aliondoa vitu vingi, akabakiza video, video tano zinazohusiana nayo, maoni kumi na vitufe vichache, lakini ukurasa bado ulikuwa kilobaiti 250. Alipochunguza aliona kwamba zana za kubana msimbo hazikuweza kuondoa sehemu zisizotumika. Ikambidi aandike mitindo na skripti upya kwa mkono, kwa siku tatu. Mwishowe akabadilisha na kichezeshi cha video, akafika kilobaiti 98 na maombi 14 tu. Mradi aliuita Feather, yaani unyoya.

Matokeo yalimvunja moyo. Baada ya wiki moja ya kupima, wastani wa muda wa kufungua ukurasa ulikuwa umepanda. Ukurasa mwepesi zaidi ya mara kumi ulionekana kuwa wa polepole kuliko ule wa zamani! Karibu aache, ndipo mwenzake akazipanga takwimu kwa ramani. Watazamaji wapya walikuwa wamemiminika kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika, hata pembe za mbali za Siberia. Kwao Feather ilichukua zaidi ya dakika mbili kufunguka, na ukurasa wa zamani ulikuwa ukichukua zaidi ya dakika ishirini. Zamani walikuwa wakikata tamaa na kuondoka, kwa hiyo wastani haukuwajua. Sasa walisubiri dakika mbili, wakatazama, wakahesabiwa.

Naiona sehemu hii kuwa kiini cha historia yote. Vipimo vya ukurasa mzito huwasahau wale walioshindwa kuufungua, na mwenye tovuti huridhika na kasi ya waliobaki.

Mwaka 2013 wafanyakazi wa Facebook walikuja Afrika kujaribu programu yao kwenye simu za hapa. Ilikwama mara kwa mara, na kifurushi cha data cha mwezi mzima kiliisha kwa dakika arobaini. Juni 2015 kampuni ilitoa Facebook Lite, isiyofika mega moja kuipakua.

Tangu 2017 kivinjari cha Chrome kina zana inayoonyesha, faili kwa faili, msimbo ambao ukurasa umeupakia bila kuutumia. Uchunguzi wa Web Almanac wa 2022 ulikuta kwamba ukurasa wa kawaida kwenye simu ulibeba kilobaiti 461 za JavaScript, na 162 kati yake hazikuguswa. Anayezitoa kwenye tovuti ya WordPress huzima skripti moja pale isipohitajika, hufungua ukurasa na kujaribu menyu, fomu na kitufe cha malipo, ndipo aguse inayofuata, kwa sababu nyingine hutegemeana. Kisha huupima ukurasa kwa simu ya bei nafuu, kwenye mtandao wa Musienene wenyewe.