Mshumaa, Kitabu na Barua: Sophie Germain na Mipaka ya Kujifundisha Peke Yake

Historia ya hisabati hupenda kusimulia habari za vijana waliojifundisha wenyewe. Blaise Pascal wa Ufaransa na Srinivasa Ramanujan wa India hutajwa mara kwa mara, na mwishoni msomaji huachiwa funzo moja: penye nia pana njia. Insha hii inaupima usemi huo kwa maisha ya Sophie Germain (1776–1831), msichana wa Paris aliyejisomea jiometri, kalkulasi na nadharia ya namba bila kukaa darasani hata siku moja. Hoja yangu ni kwamba nia ilimfikisha mlangoni tu. Alipopata mtu wa kusoma kazi yake na kumwonyesha kosa lilipo, alisonga mbele, na alipomkosa, alikwama.

Germain alizaliwa tarehe 1 Aprili 1776. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hariri, na mwaka 1789 alichaguliwa kuwa mjumbe wa tabaka la tatu katika bunge lililoitishwa na mfalme. Mapinduzi yalipopamba moto mitaani, binti huyo wa miaka 13 alibaki ndani, akiwa na maktaba ya baba yake. Humo alisoma kitabu cha historia ya hisabati cha Montucla na kukutana na habari za kifo cha Archimedes, aliyeuawa na askari wa Kirumi huku akiwa amezama katika michoro yake ya jiometri. Alijiuliza ni elimu gani hiyo inayoweza kumsahaulisha mtu hatari iliyo mbele yake, akaamua kuifuata. Alianza na vitabu vya kiada vya Bézout, akaendelea na kalkulasi, kisha akajifunza Kilatini ili awasome Newton na Euler.

Inasimuliwa kwamba wazazi wake walilipinga jambo hilo. Walimnyima moto, mishumaa na hata nguo za joto ili asikeshe, lakini asubuhi walimkuta amelala juu ya meza, wino umeganda kwa baridi. Simulizi hii inatokana na wasifu ulioandikwa na rafiki yake Mwitalia, Guglielmo Libri, mwaka 1832, yaani mwaka mmoja baada ya kifo chake. Libri alimfahamu Germain akiwa mtu mzima, hakuyaona ya utotoni. Kwa hiyo tunachosoma ni kumbukumbu ya mwanamke mzima kupitia kalamu ya rafiki anayeomboleza. Hilo halitoshi kutufanya tuitupe simulizi, ila linatutaka tusiiweke katikati ya historia yake. Mshumaa unapendeza kusimuliwa, lakini barua zake na maandishi yake ya hisabati yana uzito zaidi kama ushahidi.

Mwaka 1794 ilianzishwa Paris shule kuu iliyokuja kuitwa École Polytechnique. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Hata hivyo, muhtasari wa mihadhara ulisambazwa kwa maandishi, na wanafunzi waliweza kuwapelekea walimu maoni yao. Germain aliupata muhtasari huo, akamwandikia Lagrange kwa jina la mwanamume, Le Blanc. Lagrange alivutiwa na kazi hiyo, akamtafuta mwandishi, na alipogundua kuwa ni mwanamke hakumkataa. Tukumbuke kilichowezesha hayo: baba mwenye maktaba, mihadhara iliyoandikwa na mwalimu aliyejibu. Anayeitwa mtu wa kujifundisha mwenyewe mara nyingi ana walimu wengi, ila wengine ni karatasi.

Umuhimu wa mwalimu unaonekana vizuri zaidi katika barua zake na Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani. Gauss alichapisha mwaka 1801 kitabu chake kikuu cha nadharia ya namba, na mwaka 1804 Germain alimwandikia, tena kwa jina la Le Blanc. Majeshi ya Napoleon yalipouteka mji wa Brunswick mwaka 1806, Germain alihofia yaliyompata Archimedes yasimpate Gauss, akamwomba jenerali aliyefahamiana na familia yake amlinde. Kwa njia hiyo siri ilifichuka. Jibu la Gauss la mwaka 1807 hunukuliwa kwa sababu ya sifa alizommwagia mwanamke aliyevuka vizuizi vingi. Kwangu, sehemu yenye thamani zaidi ni ile ambayo Gauss anamsahihisha.

Germain alikuwa amedai hivi: ikiwa jumla ya namba mbili zilizopandishwa kwenye kipeo n inaweza kuandikwa kama mraba wa namba moja kujumlisha n mara mraba wa nyingine, basi jumla ya namba zenyewe nayo inaweza kuandikwa hivyo. Gauss hakubishana naye kwa maneno mengi. Alimpa mfano mmoja. Chukua 15 na 8, na kipeo kiwe 11. Jumla ya 15 na 8 zilizopandishwa kwenye kipeo cha 11 ni sawa na mraba wa 1,595,826 kujumlisha 11 mara mraba wa 745,391. Lakini 15 kujumlisha 8 ni 23. Ukitoa 11 katika 23 unabaki na 12, ambayo si mraba, na 23 yenyewe si mraba. Ukijaribu 11 mara 4 unapata 44, umeshapita. Dai limeanguka. Mfano mmoja tu unatosha kuangusha kanuni, ilhali mifano elfu haitoshi kuithibitisha. Mtu anayesoma peke yake huweza kuisoma kanuni hii kitabuni, lakini ni vigumu kuitumia dhidi ya wazo lake mwenyewe analolipenda. Hapo ndipo anahitajika mwingine.

Baada ya mwaka 1808 Gauss, ambaye sasa alikuwa profesa wa unajimu huko Göttingen, aliacha kumjibu. Wakati huohuo Chladni alikuwa amewashangaza watu wa Paris kwa kunyunyiza mchanga juu ya bamba na kulitetemesha kwa upinde wa fidla mpaka mchanga ukajipanga katika michoro. Taasisi ya Ufaransa ikatangaza tuzo kwa atakayeeleza jambo hilo kihisabati. Germain alikuwa mshindani pekee mwaka 1811, lakini mlinganyo wake ulikuwa na kosa, na Lagrange ndiye aliyepata ulio sahihi kutokana na dhana yake. Alijaribu tena mwaka 1813, akapewa pongezi tu. Jaribio la tatu lilimpa tuzo mwaka 1816, ingawa majaji hawakuridhika kikamilifu na hoja zake.

Tofauti ya nyanja hizi mbili ndiyo kiini cha hoja yangu. Katika nadharia ya namba, zana karibu zote zilikuwamo katika kitabu cha Gauss, na kosa liligunduliwa kwa barua moja. Katika elimu ya mitetemo, zana mpya zilikuwa zikijadiliwa kwenye vikao na mazungumzo ya wanaume wa Taasisi, mahali ambapo yeye hakuwapo. Makosa yake ya mwaka 1811 hayaonyeshi akili ndogo. Yanaonyesha pengo ambalo mwanafunzi wa kawaida wa École Polytechnique angezibiwa na mwalimu kwa wiki chache.

Alirudi kwenye namba, na huko ndiko aliacha alama kubwa zaidi. Alithibitisha kwamba, kwa namba tasa yoyote p isiyo 2, ikiwa 2p + 1 nayo ni tasa, basi namba zozote ambazo zingevunja dai maarufu la Fermat kwa kipeo p lazima ziwe na angalau moja inayogawanyika kwa p. Leo namba kama 3, 5, 11 na 23 huitwa namba tasa za Sophie Germain. Kwa miaka mingi mchango huu ulijulikana kupitia tanbihi ya Legendre pekee. Baadaye watafiti walisoma miswada yake iliyohifadhiwa Paris na Florence, wakakuta mpango mpana wa kulithibitisha dai lote la Fermat. Mpango huo haukufanikiwa, lakini ulizidi sana kile kilichoandikwa kwenye tanbihi.

Germain alifariki tarehe 27 Juni 1831. Cheti cha kifo hakikumtaja kama mwanahisabati, bali kama mtu aliyeishi kwa mapato ya mali yake. Tukiyasoma maisha yake kama ushindi wa nia peke yake, tunaisamehe jamii iliyomfungia mlango, kwa sababu tunasema mlango haukuwa na maana. Ushahidi unasema vingine. Kitabu kilimfungulia hisabati, barua zikamsahihisha, na ukimya ukamgharimu miaka. Anayetaka kijana ajifundishe hisabati ampe kitabu, kisha awepo wa kumjibu anapouliza.