Mbolezi kama Hazina ya Historia: Mfano wa Wakarbi wa Assam

Katika uhakiki wa fasihi simulizi, mbolezi aghalabu huainishwa kama utanzu wa majonzi: marehemu husifiwa, waliofiwa huliwazwa, basi. Makala haya yanadai kuwa mtazamo huo ni finyu. Hoja hii inathibitishwa na Wakarbi, jamii ya milima ya Assam, kaskazini-mashariki mwa India.

Katika maandishi, Wakarbi walijulikana kwa muda mrefu kwa jina walilopewa na wengine, yaani Mikir. Ndilo jina la kitabu kilichotokana na karatasi za Edward Stack, ofisa wa kikoloni aliyefariki mwaka 1887. Kitabu hicho kilihaririwa na Charles Lyall na kuchapishwa London mwaka 1908. Stack alisaidiwa na Mkarbi aliyeitwa Sardoka, lakini anwani ya kitabu inawataja Waingereza wawili pekee. Hata wilaya iliyoundwa mwaka 1951 ilibeba jina la Mikir; iliitwa Karbi Anglong mwaka 1976.

Hata hivyo, jamii hii haikungoja kalamu ya mgeni ili ijijue. Ina koo 5 kuu: Terang, Teron, Ingti, Timung na Enghi. Mtoto hufuata ukoo wa babake, na ni mwiko kuoana ndani ya ukoo mmoja. Wimbo uitwao Mosera husimulia chimbuko na uhamaji wao. Katika Chomangkan, sherehe kuu ya kuwaaga wafu, charhepi, yaani mwanamke aliye fundi wa mbolezi, huisindikiza roho ya marehemu kwa wimbo hadi makao ya wafu. Anapofanya hivyo, walio hai nao hukumbushwa wao ni nani na wa nani.

Tatizo ni kwamba Chomangkan huchukua siku kadhaa na gharama yake ni kubwa, hivi kwamba familia huweza kuiahirisha kwa miaka. Isitoshe, Wakarbi waliopokea Ukristo wameiacha. Pasipo sherehe, charhepi hana pa kuimbia, wala mwanafunzi wake hana pa kujifunzia. Kinasa sauti huhifadhi maneno. Hakihifadhi hadhira inayoyahitaji. Kwa hivyo, mhakiki wa mbolezi asiishie kuuliza wimbo unasema nini. Sharti aulize pia ni nani angali na uwezo wa kuugharamia.