Honda na Injini ya Silinda Mbili, 1988–2003: Mashine Ilishinda, au Kanuni?

Utangulizi

Mwaka 2000 kampuni ya Honda ya Japani iliingia katika Mashindano ya Dunia ya Superbike ikiwa na pikipiki ambayo wengi hawakuitarajia kutoka kwake. Iliiacha injini ya silinda nne, ambayo ndiyo iliyoijengea jina duniani, na badala yake ikaleta VTR1000 SP1, yenye silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Huo ulikuwa muundo wa mpinzani wake mkuu, Ducati ya Italia. Mwaka huohuo Honda ilitwaa ubingwa.

Wapenzi wa mbio wamezoea kuieleza hadithi hii kwa sentensi moja: silinda mbili ni bora, na Honda ilichelewa kulitambua. Insha hii inapinga maelezo hayo. Nitajenga hoja kwamba badiliko la mwaka 2000 lilitokana zaidi na kanuni za mashindano na hesabu za biashara kuliko ubora wa asili wa injini yoyote. Suala hili ni pana kuliko pikipiki. Tukisema kila kilichoshinda kilishinda kwa sababu kilikuwa bora, hatutakuwa na haja ya kuuliza nani alitunga masharti ya ushindani.

Usuli: fahari ya silinda nne

Kwa msomaji aliyezoea bodaboda za silinda moja, inafaa kueleza silinda nne zilimaanisha nini kwa Honda. Tangu miaka ya 1960 kampuni hiyo ilikuwa ikishindana Ulaya kwa injini ndogo zenye silinda nyingi na mzunguko wa kasi sana. Mwaka 1969 ilianza kuuza CB750, pikipiki ya silinda nne iliyomletea mnunuzi wa kawaida ufundi ambao zamani ulionekana katika mbio tu. Viwanda vya Uingereza kama Triumph, BSA na Norton, ambavyo kwa kiasi kikubwa vilitegemea silinda mbili, vilipata pigo kubwa. Kwa kizazi kizima cha waendeshaji, silinda nne zilikuwa ndizo usasa, na silinda mbili zilikuwa mambo ya babu.

Ducati haikufuata njia hiyo. Fundi wake mkuu, Fabio Taglioni, alishikilia silinda mbili zenye pembe ya nyuzi 90 baina yake, pamoja na vali zinazofungwa kwa mkono wa chuma badala ya springi. Mwaka 1972 Paul Smart alishinda mbio za maili 200 za Imola kwa pikipiki ya aina hiyo. Baadaye mhandisi Massimo Bordi aliuendeleza urithi huo kwa kuongeza upoozaji wa maji, vali nne kwa kila silinda na mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta. Hivyo ikapatikana Ducati 851, mashine iliyokuwa tayari Mashindano ya Dunia ya Superbike yalipoanzishwa mwaka 1988.

Kanuni ya mwaka 1988

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Kanuni iliruhusu injini ya silinda nne kuwa na ujazo usiozidi sentimita za ujazo 750, lakini ya silinda mbili iliruhusiwa kufika 1000. Isitoshe, mwanzoni pikipiki za silinda mbili ziliruhusiwa kuwa nyepesi zaidi, ingawa pengo hilo la uzito lilipunguzwa kadiri miaka ilivyopita.

Tofauti hiyo haikuwa upendeleo mtupu. Nguvu ya injini hutegemea kiasi cha hewa na mafuta inachounguza kwa dakika, yaani ujazo wake na idadi ya mizunguko yake. Pistoni ndogo na nyepesi huvumilia mizunguko mingi. Pistoni kubwa haivumilii. Tuchukue mfano wa hesabu tu: injini ya 750 ikizunguka mara 15,000 kwa dakika na ya 1000 ikizunguka mara 12,000, matokeo yanakaribiana, ya pili ikizidi kidogo. Watunga kanuni walikusudia kuweka mizani ili mashine zisizofanana zishindane pamoja.

Mizani hiyo haikukaa sawa kwa muda mrefu. Fred Merkel aliipatia Honda ubingwa mwaka 1988 na 1989 kwa RC30, lakini baada ya hapo Ducati ilitawala: Raymond Roche mwaka 1990, Doug Polen mwaka 1991 na 1992, Carl Fogarty mwaka 1994 na 1995, Troy Corser mwaka 1996, kisha Fogarty tena mwaka 1998 na 1999. Katika misimu 12 ya kwanza Ducati ilipata ubingwa wa waendeshaji mara 8, Honda mara 3 na Kawasaki mara 1. RC45, pikipiki ya silinda nne ambayo Honda iliitoa mwaka 1994 kwa ajili ya mashindano haya, iliambulia ubingwa mmoja tu, wa John Kocinski mwaka 1997.

Ushahidi wa waendeshaji

Fogarty mwenyewe anatupatia kitu kinachokaribia jaribio la maabara. Akiwa bingwa, mwaka 1996 alihama Ducati na kupanda RC45 ya Honda. Alishinda mbio kadhaa lakini akamaliza msimu katika nafasi ya nne. Mwaka 1997 alirudi Ducati akawa wa pili, na mwaka 1998 akawa bingwa. Mtu ni yuleyule, mashine ndiyo iliyobadilika.

Tofauti iliyomkabili mwendeshaji inaelezeka. Katika injini ya kawaida ya silinda nne milipuko hufuatana kwa nafasi sawa, na nguvu hukaa juu kabisa ya mizunguko. Mwendeshaji analazimika kubadilisha gia mara nyingi ili injini isishuke chini ya eneo hilo. Injini ya V yenye silinda mbili hutoa msukumo mapema, na milipuko yake haikai kwa nafasi sawa: miwili hukaribiana, kisha hufuata kimya kirefu zaidi. Mafundi wengi waliamini kwamba kimya hicho huipa tairi ya nyuma nafasi ya kuishika lami upya wakati wa kutoka kwenye kona. Kwa upande mwingine, mwendeshaji akifunga mafuta, injini hiyo huizuia tairi ya nyuma kwa nguvu, na asipozoea huipoteza. Kwa hiyo anayehama kutoka nne kwenda mbili hujifunza kupanda gia mapema, kushusha gia kwa upole, na kutafuta muda wake katika kona badala ya mwisho wa barabara iliyonyooka.

Uamuzi wa Honda

Kwa nini basi Honda iliamua kuhama? Naona sababu mbili kuu.

Kwanza ni kanuni. Kama kanuni inakupa robo lita ya ziada kwa kuchagua silinda mbili, na mpinzani ameitumia nafasi hiyo kushinda kwa miaka kumi, kushikilia silinda nne ni kulipia fahari kwa vikombe.

Pili ni biashara. Pikipiki za Superbike zilipaswa kutokana na zile zinazouzwa kwa umma. RC45 iliuzwa Marekani kwa takriban dola 27,000, bei ambayo wachache waliimudu. VTR1000 SP1, iliyoitwa RC51 nchini humo, iliuzwa kwa dola 9,999. Tena soko lilikuwa limekwisha kuonyesha hamu: mwaka 1997 Suzuki ilitoa TL1000S na Honda yenyewe ikatoa VTR1000 ya barabarani, na mwaka 1998 Aprilia ikaleta RSV Mille. Zote zilikuwa za silinda mbili.

Hata hivyo Honda haikunakili kila kitu. Injini yake ya 999 haikuwa na vali za mtindo wa Taglioni. Ilitumia springi, na vali ziliendeshwa kwa mfululizo wa gia, kama ilivyokuwa katika RC45. Mmarekani Colin Edwards, aliyekuwa wa pili mwaka 1999 akiwa na RC45, alishinda mbio za kwanza za mashine hiyo katika mashindano haya huko Kyalami, Afrika Kusini, Aprili 2000, na mwisho wa msimu akawa bingwa. Mwaka 2001 ubingwa ulikwenda kwa Troy Bayliss wa Ducati. Mwaka 2002 Edwards alishinda mbio 9 za mwisho mfululizo na kuutwaa tena huko Imola, kwa pointi 552 dhidi ya 541 za Bayliss.

Mizani ilipohamishwa

Kama silinda mbili zingekuwa bora kwa asili, Honda ingeendelea nazo. Haikuendelea. Mwaka 2003 kanuni mpya ziliruhusu silinda nne pia kufika 1000, na baadaye Honda ikarudi kwenye silinda nne kwa CBR1000RR, ambayo James Toseland aliipatia ubingwa mwaka 2007. Mwaka 2008 Ducati ilihitaji kuongezewa ujazo hadi 1200 ili silinda mbili zake ziendelee kushindana. Hatimaye Ducati yenyewe iliziacha: tangu 2019 imeshindana kwa Panigale V4, na kwa mashine hiyo ya silinda nne Álvaro Bautista akawa bingwa mwaka 2022 na 2023.

Msomaji anaweza kupinga kwamba ubingwa wa Kocinski unadhoofisha hoja yangu, kwa kuwa silinda nne zilishinda chini ya kanuni ileile ya zamani. Ni kweli kwamba kanuni haikuamua kila kitu. Ufundi na kipaji vilikuwa na nafasi. Lakini ubingwa mmoja katika misimu sita ya RC45 unaonyesha jinsi mlima ulivyokuwa mkali kwa kampuni yenye uwezo mkubwa kiasi hicho.

Hitimisho

Honda ilihama kutoka silinda nne kwenda mbili, na Ducati ikahama kutoka mbili kwenda nne, kila moja kwa wakati wake na kila moja ikishinda. Matukio hayo mawili hayawezi kuelezwa kwa ubora wa mashine peke yake. Yanaeleweka tunapofuatilia masharti ya ushindani na jinsi yalivyobadilika. Ukicheza ngoma, angalia mpigaji. Anayeandika historia ya teknolojia naye hana budi kuusoma waraka wa kanuni kabla hajalitazama jukwaa la washindi.