Injini ya zamani, chumvi ya Bagamoyo

Wadau, leo siasa zipumzike kidogo. Ukienda kuulizia boti iliyotumika, iwe Kunduchi, Mbweni au Bagamoyo, dalali atakwambia: "Injini hii ni ya zamani, zile ngumu." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu iliyobaki inaweza kummaliza mtu akiba yake yote, au kumwacha na abiria katikati ya mkondo wa Unguja wakati wa kusi.

Tuanze na ukweli wake. Mjerumani Rudolf Diesel aliomba hataza mwaka 1892, na mwaka 1897 injini yake ikafanya kazi sawasawa kule Augsburg. Ilikuwa dude kubwa, refu kuliko mtu, huwezi kuliweka kwenye mashua. Ndogo zilikuja baadaye. Lister wa Uingereza walitoa dizeli yao ya kwanza mwaka 1929, Yanmar wa Japani wakatoa ndogo yao mwaka 1933. Mliokulia vijijini Lister mnaijua hata kama hamjui jina: ile mashine ya kusaga inayolia tu-tu-tu mchana kutwa. Za mwanzo zilizunguka mara 600 na kidogo tu kwa dakika. Chuma kingi, haraka kidogo, ringi na beringi zinachakaa taratibu. Hapo wazee wana haki ya kuzisifia.

Ila ugumu wa chuma haushindi chumvi. Ushahidi wangu unatoka mbali na pwani, Ziwa Tanganyika. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikafika Dar es Salaam vipande vipande na kupelekwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiichukue, lakini kwanza mafundi wakaipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. (Ilikuwa ya mvuke, dizeli ilifungwa miaka ya 1970.) Kila anayesimulia kisa hiki husifu grisi. Mimi nasifu na maji pia, kwa sababu yale ni maji baridi. Ingelala miaka minane chini ya bahari ya Bagamoyo, sidhani kama kungebaki mtambo wa kurudisha kazini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza injini ni ya mwaka gani, uliza inapozwa na maji gani. Nyingi za zamani huvuta maji ya bahari na kuyapitisha moja kwa moja ndani ya bloku, chumvi inakula kimyakimya. Nyingine huzungusha maji baridi ndani, bahari inapita kwenye kipozeo tu. Hizo ndizo za kutafuta.

Nina rafiki, tulisoma naye Mlimani, anayetaka boti ya kupeleka watalii Mbudya. Tulimchukua fundi mmoja mstaafu wa Bagamoyo, aliyesomea Mbegani, chuo cha uvuvi kilichojengwa kwa msaada wa Norway. Tulipofika tukakuta injini imepakwa rangi mpya, inang'aa. Mzee hakuitazama rangi. Akaweka kiganja juu ya bloku, akacheka.

"Wanangu, hii imeshaamshwa. Turudi kesho alfajiri, tuikute imelala."

Kesho yake, ikiwa baridi, ilipiga stata muda mrefu kabla ya kukubali, ikatoa moshi mweupe ambao haukukatika. Dizeli huwaka kwa mgandamizo, haina plagi ya cheche, basi silinda ikichoka asubuhi ndiyo itakayosema. Moshi wa bluu ungekuwa oili inaungua. Mweusi, mafuta mengi kuliko hewa. Mzee akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: moshi ukapuliza kwa mapigo, ringi zimekwisha. Oili yenyewe ilikuwa nyeusi, jambo la kawaida kwa dizeli. Ya kukimbia ni ile yenye rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameshaingia. Rafiki yangu alishukuru, akaondoka.

Bagamoyo kuna faida moja ambayo wanunuzi wanaisahau. Maji mafupi ya pale ni moja ya sababu zilizowafanya Wajerumani wahamishie makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, kwenye bandari yenye kina. Maji hayohayo, wakati wa bamvua, yakipwa huacha boti juu ya mchanga, na unaweza kukagua shafti, propela na vipande vya zinki bila kulipia cheleza. Zinki iliyolika kiasi ni dalili nzuri, inafanya kazi yake. Isiyokuwepo kabisa, jiulize chumvi imekuwa ikila nini.

Maji yakijaa, toka nayo. Si dakika tano mbele ya ufuko. Nusu saa, mafuta yote yamekanyagwa, jicho kwenye kipimo cha joto. Muuzaji akikwambia injini hii haipendi kukimbizwa, mrudishie ufunguo.