Namba Zilizochanganya Damu

Tumezoea kuianza historia ya kompyuta na swali la uzazi wa jinsi mbili mwaka 1990. Mwaka huo William Hamilton, Robert Axelrod na Reiko Tanese walichapisha makala iliyoonyesha, ndani ya mashine, viumbe wanaopandana wakiwashinda wanaojizalia peke yao, na sababu ikawa vimelea. Ni makala nzuri, wala sina ugomvi nayo. Ninachogombea ni tarehe. Tunaianza hadithi miaka 37 baada ya kuanza.

Swali lenyewe linajulikana, nalipitia mbio. Jike anayezaa bila dume hutoa mabinti watupu, na kila binti atazaa. Jike anayehitaji dume, nusu ya watoto wake ni madume, na dume hatagi wala hachukui mimba. Kwa hesabu ya dukani, ukoo wa kwanza ungeufuta wa pili baada ya vizazi vichache. Mwanabiolojia John Maynard Smith aliisisitiza hesabu hiyo miaka ya 1970. Lakini kuku bado wanataka jogoo, na anayepanda mipapai anajua hasara ya kung'oa midume yote shambani.

Sasa twende Princeton, Marekani, tarehe 3 Machi 1953, saa 4 na dakika 38 usiku. Katika jengo la matofali lisilo na ghorofa kulikuwa na kompyuta ya John von Neumann, iliyokuwa ikipiga pia hesabu za bomu la haidrojeni. Kumbukumbu yake yote ilikuwa kama kilobaiti 5. Picha moja ya simu yako isingeenea humo. Usiku ule mashine alipewa Nils Aall Barricelli, mzaliwa wa Roma mwaka 1912, baba Mwitalia na mama Mnorwei. Alikuwa mtu mgumu. Mwaka 1946 aliwasilisha tasnifu ya kurasa 500, akaambiwa ni ndefu mno, akakataa kuipunguza na shahada akaiacha. Sasa alikuja na namba alizozipata kwa kuchanganya karata na kuchomoa moja moja, akaziingiza kwenye mashine aone kama zitaishi.

Utaratibu wake mtoto wa sekondari anaweza kuufuata. Chukua mstari wa vyumba 512, uunganishe ncha zake uwe kama ushanga. Kila chumba ama ni kitupu ama kina namba. Namba 5 hujinakili vyumba vitano kulia; hasi 3, vyumba vitatu kushoto. Nakala ikiangukia chumba chenye mwenyeji, huyo mwenyeji huisukuma mbele zaidi kwa kiasi chake. Namba mbili zikigombea chumba kimoja, chumba hubaki kitupu au hutokea namba mpya, na hayo ndiyo mabadiliko ya kurithi. Basi. Hakuna mahali popote palipoandikwa dume, jike, wala kupandana.

Baada ya vizazi vingi Barricelli aliona namba zikijikusanya katika mafungu yanayozaliana pamoja, kila moja ikitegemea jirani. Aliona mafungu yakijitibu yakiharibiwa. Aliona namba moja moja zikijipenyeza ndani ya fungu la wengine na kula bila kufanya kazi; hizo aliziita vimelea, kwa haki kabisa. Na mafungu mawili tofauti yalipokutana, alipata watoto wenye sehemu za huyu na sehemu za yule. Alipohesabu aina mpya zilizofanikiwa kuenea, aliandika kwamba nyingi zaidi zilitokana na kuchanganyika huko kuliko na mabadiliko ya namba moja moja. Aliyachapisha kwa Kiitaliano mwaka 1954 katika jarida la Methodos, akaendelea kwa Kiingereza mwaka 1957, kisha akayapanua katika makala mbili ndefu za mwaka 1962 na 1963. Wanabiolojia wengi hawakuzisoma.

Wapo wanaomaliza habari yake kwa kusema alikuwa mtu wa vituko. Hilo halijibu kitu. Kituko cha mtu hakibatilishi namba zake. Pingamizi jingine ni zito zaidi, nalo linastahili nafasi. Kuchanganyika kwa namba, wanasema, si uzazi wa jinsi mbili. Hakuna mayai, hakuna mbegu, hakuna hesabu ya kugawa urithi nusu kwa nusu, na hakuna ukoo pinzani usiochanganyika wa kupimia nani mshindi. Nakubali sehemu ya mwisho: gharama ya madume Barricelli hakuigusa. Lakini sehemu ya kwanza inadai mno. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walikuwa wameonyesha kwamba bakteria hubadilishana urithi, na hakuna aliyedai kuona mayai. Barricelli aliuliza swali lililo nyuma ya swali la Maynard Smith: kabla ya kuuliza kuchanganya kunalipa nini, kulitoka wapi? Na alipata jibu bila kulipanda mwenyewe.

Ndiyo maana mwanajenetikia Alex Fraser namweka pembeni, ingawa wengi humpa heshima ya mwanzilishi wa fani hii. Mwaka 1957, huko Australia, aliiga jeni kwenye kompyuta kwa ustadi mkubwa. Lakini kupandana kulikuwa tayari ndani ya kanuni zake. Huwezi kuutafuta mlango uliouweka mwenyewe.

Miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa ya kalamu zaidi kuliko ya mashine. Wanajenetikia Crow na Kimura waliandika juu ya swali hili mwaka 1965, Maynard Smith akawajibu mwaka 1968 kwa makala yenye kichwa kile kile. Hill na Robertson wa Edinburgh mwaka 1966 walitumia kompyuta kuonyesha jinsi jeni zilizofungamana zinavyozuiana, na Felsenstein akayaunganisha haya mwaka 1974. Wenye kupenda milinganyo watafurahi humo.

Hamilton ndiye aliyerudisha viumbe ndani ya mashine. Wenyeji wake walikuwa 200, urithi wao mistari ya sifuri na moja, na vimelea walijaribu kufanana nao ili wawanyonye. Aliyejinakili bila kubadilika alikuwa kufuli ya kawaida: kimelea kikipata ufunguo, ukoo mzima umekwisha. Waliochanganya walibadilisha kufuli kila kizazi, wakashinda hata gharama yote ya madume ilipohesabiwa. Mwaka 2004 Sarah Otto na Scott Nuismer walionyesha kwamba vita hivyo vya viumbe mara nyingi hata huukandamiza uzazi wa jinsi mbili, isipokuwa pale vimelea wanapouma kwelikweli. Kesi haijafungwa.

Lakini tazama: vimelea na kuchanganyika, vile vitu viwili Hamilton alivyovifunga kamba moja, vilikuwa vimekaa pamoja kwenye vyumba 512 vya Princeton. Barricelli aliviorodhesha kimoja baada ya kingine, asivifunge. Sisemi alimtangulia Hamilton kwa wazo hilo, hakulisema. Nasema ushahidi ulikuwa mezani.

Alifariki mwaka 1993. Jaribio lake leo halihitaji maabara. Mwalimu wa biolojia au wa kompyuta mwenye mashine moja kuukuu anaweza kuliandika mchana mmoja pamoja na wanafunzi wake: vyumba 512, namba za kuchomoa kwenye karata, kanuni zile chache. Ombi langu ni moja tu: msiandike popote humo neno kupandana, kisha muache mashine ifanye kazi usiku kucha.